Maganda ya Ghorofa ya Nne

Mtu akitaka kujua siri za jirani yake asitegee sikio mlangoni, ataambulia baridi ya sikio. Aombe maganda yake. Mimi kazi hii nimeifanya miaka sita nyuma ya jengo letu, tangu gari la taka lilipoacha kuja na panya wakaanza kutupisha kwenye ngazi kama wapangaji wenzetu, na sasa hakuna nyumba humu ambayo silijui tumbo lake. Kila mlango una ndoo. Masharti yangu ni machache: maganda mabichi tu, nyama sitaki, mafuta sitaki. Nayatandaza kwenye lundo, nayafunika kwa maranda ya seremala na majani makavu, nanyunyiza maji kidogo, na kila Ijumaa nageuza lundo zima kwa uma wa bustani. Lundo lililokubali, ukitia mkono katikati unautoa mbio. Lina joto kama mtoto mwenye homa. Miezi mitatu, minne, linakuwa mboji nyeusi, inanukia kama udongo ulioonja mvua. Ndiyo maana wananiita Bibi Mboji. Wanadhani sijui.

Ndoo nazisoma kama wengine wanavyosoma magazeti. Mwalimu wa ghorofa ya kwanza alipotangaza kwamba anajinyima chakula ili tumbo lipungue, mimi nilikuwa naona maganda ya viazi vyake, nikamwambia tumbo hilo ni la ukoo, aliheshimu tu. Kapera wa mlango wa bluu miaka yote alikuwa mtu wa ndizi na mayai. Siku nilipokuta kwake ganda la tangawizi lililokwanguliwa kwa kijiko, nikamuuliza, "Baba, harusi lini?" Alipotea wiki nzima. Na mke wa dereva nilijua ana mimba kabla ya dereva mwenyewe: ndimu Jumatatu, ndimu Jumanne, ndimu mpaka lundo likachacha.

Lakini ndoo niliyokuwa nikiingojea ni moja, na haikuletwa kwa mkono. Ilishuka kwa kamba kutoka ghorofa ya nne, Jumatano na Jumamosi asubuhi. Ndoo ya mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Alikuwa hasemi nami mwaka mmoja na miezi minne. Kosa ni langu, silikatai. Siku ya kumtoa mumewe, jeneza lilikwama kwenye kona ya ngazi, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili. Shemeji yangu yule, Mungu amrehemu, hakuwahi kufika kazini kwa wakati hata siku moja. Wabebaji wanahema, jasho linawatiririka, watu wote kimya, mdomo wangu ukanitangulia: "Msimharakishe, huyu hata akiitwa na Mungu lazima akawie nyumbani." Watu wakacheka, wakajifanya wanakohoa. Wangecheka wao tu, yangekwisha. Mdogo wangu naye alicheka. Alicheka mpaka mabega yakamtikisika, mume wake akiwa ameshikiliwa hewani. Alipomaliza akapangusa macho, akanitazama, akasema, "Umenichekesha mume wangu akitolewa. Usinisemeshe tena."

Hakujaliwa mtoto. Walikuwa wawili tu kule juu kwa miaka thelathini na minane. Magoti yake hayashuki ngazi, yangu hayapandi. Mungu alitupa ugonjwa mmoja, akatugawia kila mtu upande wake. Nilimtuma fundi cherehani wa ghorofa ya tatu, yule anayemnunulia vitu sokoni, ampelekee salamu. Zilirudi kama zilivyokwenda. Nilipiga simu, ikalia mpaka ikachoka. Maganda, lakini, aliyashusha. Hasira ni hasira na taka ni taka. Kamba ikitikiswa mara tatu, ndoo imefika. Namwaga, naweka humo ngumi mbili za mboji kwenye gazeti kwa ajili ya nyanya zake alizozipanda kwenye makopo pale roshani, nami natikisa mara tatu, inapanda. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Niliwahi kuwa na ndoa iliyokuwa na machache kuliko hayo.

Na nilimwelewa. Mdogo wangu ni wa mkono wa kushoto. Kuandika walimchapa mpaka akahamia kulia, ila kisu hakuna mwalimu aliyekifikia. Kiazi anakimenya kuanzia juu hadi chini bila kukata, ganda moja refu, jembamba hata unauona mwanga upande wa pili, na linajikunja kinyume na maganda ya watu wengine. Nikilikuta kwenye ndoo nalijua kama ninavyoijua sauti yake. Akimenya viazi viwili, amekula, nalala vizuri. Akimenya kimoja, najigeuza kitandani. Vitunguu vikizidi, amelia akavisingizia. Kila Jumatano na kila Jumamosi nilichakura ile ndoo nikitafuta kitu kitakachoniambia kwamba amenisamehe. Sijui kingekuwa kitu gani. Nilijua tu kwamba kikija nitakitambua.

Mvua zilipokatika, ndoo ilianza kujaa. Viazi, karoti, mabua ya mboga, ngozi ya boga. Nikafurahi. Nikasema hamu ya kula imemrudia, na mtu mwenye shibe hasira haimkai. Kisha nikatazama vizuri. Maganda yalikuwa mafupi, manene, ya mkono wa kulia, kazi ya mtu mwenye haraka. Na kwenye ganda la kitunguu kulikuwa kumenasa uzi wa bluu.

Mwenye akili angepanda ngazi siku hiyo hiyo. Mimi nilicheka. Nikasema, aha, bibi mkubwa ameajiri mpishi, na mpishi mwenyewe ni fundi cherehani. Wivu ukanipanda. Nimemmenyea viazi mimi, angali kibogoyo hajaota jino, leo anapikiwa na mtu wa kutia vifungo. Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule ya msingi: "Mpishi mpya karibu. Maganda yako manene kama soli ya kiatu. Utamfilisi mwenye nyumba." Nikaiweka juu ya mboji, nikatikisa kamba mara tatu.

Jumamosi iliyofuata maganda yalikuwa membamba. Si yale marefu ya mdogo wangu, lakini membamba. Nilijisifu kutwa nzima. Nikamwambia mke wa dereva, "Umeona? Nimejibiwa." Akamhamisha mtoto bega, akasema, "Hongera, bibi." Wiki tatu nilikaa na furaha hiyo. Mwaka na zaidi sijapata neno, na sasa nimejibiwa kwa viazi. Kweli, kamba ilikuwa haitikiswi tena mara tatu, ndoo inatua tu kama mzigo. Kweli, nyanya pale juu zilikuwa zinanyauka, naziona kutoka chini. Nikasema anazinyima maji kwa sababu zimelishwa mboji yangu. Mtu akiamua kujidanganya hakosi ushahidi.

Kisha ikaja Jumatano moja. Fundi alileta ndoo yake mapema, akaiacha mlangoni pangu bila kukaa. Haukupita muda, ile ya kamba ikashuka. Nikazimwaga zote mbili pamoja, bega kwa bega. Kwenye ya fundi kulikuwa na nusu ya ganda la parachichi, na mahali kisu kilipoteleza pameachwa mkato. Kwenye ya mdogo wangu, nusu nyingine. Niliziokota nikazikutanisha. Zikafunga. Mkato ukatoka nusu hii ukaingia ile, haukukosea hata unywele. Nikachakura zaidi. Mabua ya mboga yalikuwa ya fungu moja, limetenganishwa katikati. Vichwa vya karoti, vinne huku, vinne huku.

Taka hazigawanywi kama urithi. Nilisimama na lile parachichi mkononi.

Nikapanda. Ghorofa ya kwanza niliketi kwenye ngazi kupumzika. Mwalimu akafungua mlango, aliponiona akaufunga taratibu bila salamu. Ya pili niliketi tena. Ya tatu niliingia kwa fundi bila kubisha hodi. Alikuwa kwenye cherehani yake, pini zimepangwa mdomoni.

"Shikamoo, mama mkubwa," akasema katikati ya pini.

Sikuitikia. Nikaziweka zile nusu mbili juu ya shati jeupe alilokuwa akishona. Hakuliondoa.

"Mdogo wangu anakula nini?"

Akatoa pini moja moja, akazichoma kwenye kimto chake cha sponji. Alipoimaliza ya mwisho akasema, "Aliniapisha, mama."

"Sikuulizi alikuapisha nini. Nakuuliza anakula nini."

"Hali. Koo limefunga. Nampa maji kwa kijiko, na siku hizi hata maji yanarudi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zilipokatika. Hospitali tumekwenda mara mbili. Dereva na mwalimu walimshusha kwenye kiti."

"Wakampitisha wapi? Mimi si niko pale chini kutwa?"

"Mlango wa mbele. Ilikuwa Ijumaa, zote mbili." Akawa anaongea na shati. "Alizichagua mwenyewe. Alisema Ijumaa unageuza lundo, na ukigeuza lundo unaimba, hata nyumba ikianguka husikii."

Basi jengo zima lilijua. Mwalimu, dereva, mke wa dereva na ile hongera yake. Mimi niliyejua mimba ya mtu kabla ya mumewe.

"Hospitali walisemaje?"

"Walisema tumrudishe nyumbani, akae na watu wake."

Nikamuuliza, "Na haya maganda ya kugawana?"

"Alisema, dada akiona ndoo tupu atapanda."

"Na nikipanda kuna ubaya gani?"

"Alisema ukipanda utamchekesha." Fundi alianza kulia hapo, bila kelele. "Anasema hajamaliza kukukasirikia. Akicheka, atakuwa amemcheka mumewe mara ya pili, na safari hii hana muda wa kutubu."

"Kile kikaratasi changu kilimfikia?"

"Nilimsomea."

"Akacheka?"

"Hapana. Akaniambia nimenye membamba, la sivyo utajua."

Nilitafuta kiti cha wateja nikakaa. Kwa hiyo hilo ndilo lilikuwa jibu langu.

Ghorofa ya nne nilipandishwa, fundi kanishika kwapani. Chumba kilikuwa safi, dirisha wazi, kile kitanda kikubwa cha watu wawili, na mdogo wangu upande mmoja, ule ule wa siku zote, upande wa mumewe umetandikwa bila kukunjamana. Alikuwa amekwisha. Uso wote ulikuwa umebaki macho. Nilikuwa nimejiambia njia nzima kwamba nikifika nitanyamaza, nitakaa tu, nitashika mkono. Nikafika, mdomo ukanitangulia tena.

"Nasikia umeajiri mpishi," nikasema.

Akanitazama. Alinitazama muda mrefu, na nikaona kwamba ananijua, akili yake yote ipo. Kisha akaanza kugeuka kuelekea ukutani. Alianza na bega, akapumzika. Akafuatia na kiuno, akapumzika. Miguu ikaja mwisho. Fundi alinyoosha mkono amsaidie, akausukuma kwa ule wake wa kushoto. Nguvu alizokuwa amebakiza zilikuwa za kazi moja tu, na alizitumia kwa hiyo.

Nilikaa pale siku mbili. Nilimhadithia ndoo zote, tumbo la ukoo la mwalimu, tangawizi ya kapera. Nilimsimulia utoto wetu, yale aliyoyajua na mengine niliyoyatunga. Nilimwomba radhi pia. Lakini mimi radhi sijawahi kujifunza kuiomba, naitia chumvi, inatoka kama utani. Niliirudia mara tatu, na kila mara ilizidi kuchekesha. Mgongo wake ulisikiliza. Siku ya pili asubuhi nikagundua kwamba nimeishiwa. Miaka sabini na mbili sijawahi kuishiwa na neno, nikaishiwa hapo.

Mchana wake mabega yakatikisika. Mara moja, kisha mara mbili za kufuatana.

Fundi alikuwa dirishani. Akashika mdomo. "Mama mkubwa, anacheka. Umeyaona mabega? Umemchekesha."

Nimezaa watano, wawili nimewazika, na mume nimemzika. Mabega yanayocheka nayajua, na yanayotafuta hewa nayajua.

"Ndiyo," nikamwambia. "Anacheka."

Akafurahi, maskini, akashuka mbio kwenda kumwambia mke wa dereva. Nilisikia kandambili zake mpaka ghorofa ya pili. Mabega yalikuwa yametulia. Nikangoja yaanze tena, nikahesabu mpaka ishirini, nikahesabu upya. Halafu nikainuka nikamgeuza, maana mtu haachwi akiangalia ukuta. Alikuwa mwepesi hata nilimgeuza peke yangu. Macho yalikuwa wazi na midomo ameibana kwa nguvu, hakuna cheko lililokuwa limepita hapo. Alikuwa bado amenikasirikia.