Swichi Iliyokata Saa Nane

Karakana yangu ni chumba cha nyuma kilichokuwa stoo, na kila kitu ndani yake kina lebo niliyoiandika kwa mkono wangu: misumari ya inchi mbili, misumari ya inchi tatu, misumari iliyopinda lakini bado ina matumaini. Miaka ishirini na sita ya kufundisha hesabu imenifanya niamini kwamba kilichoandikwa vizuri hakiwezi kumsumbua mtu.

Likizo hiyo, swichi ilinisumbua.

Ni swichi ya kinga ya karakana, iliyo katika sanduku la umeme kwenye korido, mkabala na chumba cha wageni. Kazi yake ni kukata umeme pindi unapoanza kuvuja, kabla haujampitia mtu. Nilikuwa nikiranda mbao za kabati, mara randa ya umeme inanyamaza, taa inazimika, nami nabaki nimekumbatia ubao gizani.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa la kweli. Nilichomoa plagi zote, nikapandisha swichi, ikatulia. Nikachomeka mashine moja baada ya nyingine, na ilipofika zamu ya keekee ya kutobolea mbao, swichi ikaanguka. Waya wake ulikuwa umechubuka shingoni na kugusa chuma. Nikaubadilisha, nikajaribu, nikajipongeza kimoyomoyo. Kesho yake mchana swichi ikakata tena.

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwalimu, umeme si mwanafunzi wa kupewa muda ajirekebishe. Nakupa mpaka Jumamosi. Usipolipata hilo kosa, hiyo randa namkabidhi kaka kabla haijakuua."

"Kaka yako bado ana ngazi yangu."

"Basi vitakaa pamoja, havitakuwa wapweke."

Nilikuwa nimeitamani randa ile miaka tisa kabla ya kuipata. Nikafungua daftari, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, saa, mashine inayotumika, hali ya hewa. Kila jioni mama mkwe, aliyekuja kukaa nasi mwezi mmoja ili kupumzisha goti, aliniuliza habari za swichi kwa upole.

"Na leo imekata, baba?"

"Imekata, mama."

"Pole. Vitu vya siku hizi havidumu. Hebu nisogezee maji."

Kufikia Alhamisi daftari lilikuwa na mistari saba. Asubuhi, hakuna kitu. Jioni, hakuna kitu. Mara zote saba swichi ilikuwa imekata kati ya saa nane na saa tisa mchana, jua likiwaka au mvua ikinyesha, nikitumia randa au msumeno. Nimesahihisha madaftari mengi maishani, na majibu yanapofanana kiasi hicho, huwa kuna mtu amekaa karibu na mtu.

Ijumaa nikaandaa mtihani. Asubuhi nilirekodi sauti ya randa kwenye simu. Ilipofika saa nane na robo, nilichomoa kila plagi, nikabakiza taa ya dari peke yake. Kisha nikaegemeza simu kwenye kopo la gundi, nikafungulia sauti mpaka mwisho, nikakunja mikono. Simu ikanguruma kama inaranda nyumba nzima. Nikahesabu. Nilipofika tisini na nne, taa ikazimika.

Umeme hauwezi kuvuja katika mashine isiyochomekwa. Nikavua viatu, nikanyata mpaka kwenye korido.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya sanduku la umeme, amevaa gauni la kulalia, mkongojo wake bado uko juu. Ncha yake ya mpira mweusi ilikuwa juu ya kitufe kidogo cha swichi. Hakushtuka. Aliushusha taratibu, kama mtu aliyemaliza kunyoosha picha ukutani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Umeme umekatika?"

"Umekatika."

"Pole, baba."

Nyuma yangu, ndani ya karakana yenye giza, randa iliendelea kunguruma kwenye simu. Alitega sikio, akanitazama miguu mitupu, akaelewa.

"Kumbe na wewe ni mjanja," akasema.

"Mama, nani alikuonyesha kitufe hicho?"

"Wewe." Akaielekezea mkongojo lebo iliyobandikwa chini ya swichi, yenye doa jeusi la duara pembeni. Niliisoma kana kwamba sikuiandika mimi: *Kitufe cha majaribio. Ukikibonyeza, umeme wa karakana hukatika papo hapo. Hakina madhara.* "Mwandiko safi sana. Nimeusoma bila miwani."

"Si ungeniambia tu kwamba nakunyima usingizi?"

"Nimwambie mkwe wangu aache kazi ndani ya nyumba yake? Utasema sikufundwa."

"Kesho ni Jumamosi, mama. Nikikutaja kwa mwanao, mimi ndiye nitakayeonekana sikufundwa. Nisipokutaja, randa inakwenda kuishi na ngazi."

Alifikiri kidogo, akanyoosha mkono. "Lete hilo daftari. Na uzime hiyo simu."

Asubuhi ya Jumamosi mke wangu alipokuja kudai jibu, alimkuta mama yake sebuleni, daftari mapajani, miwani puani.

"Nimekagua kazi ya mumeo," mama mkwe akasema. "Kosa limepatikana. Kuna chombo humu ndani kinachochoka mchana. Kisipopumzishwa saa nane mpaka saa kumi, kinakata umeme."

Mke wangu alinitazama, nikatazama dari. Akautazama mkongojo, akaenda kuikagua lebo kwenye korido, akarudi.

"Chombo chenyewe ni cha zamani?" akauliza.

"Cha zamani," mama akajibu, "lakini kizima kabisa."

Mke wangu aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Randa ikabaki. Ngazi, mpaka leo, haijarudi.

Mchana ule nilikuta karatasi ya pili imebandikwa chini ya lebo yangu, kwa mwandiko wa kutetemeka: *Saa nane mpaka saa kumi kimya*. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya vema. Kisha, nikiwa nimekwisha kuondoka, nikarudi kuongeza nukta mwishoni.