Uzi Ndani ya Kola

“Nipe nguo zangu hivyo hivyo, na povu lake,” Mama Pacha alisema.

Hakukaa. Siku zote akija alilivuta lile kopo tupu la rangi, akalikalia na kuagiza chai kama yuko kwake. Leo alisimama kwenye lango la ua, mkoba kaukumbatia kifuani, kama mtu aliyeingia nyumba yenye ndui.

Dobi alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni hadi viwikoni. “Ngoja basi nizisuuze, mama.”

“Maji ninayo kwangu.”

“Nguo zimekukosea nini?”

“Usinichokoze. Mdogo wako katoa penalti ile, timu yetu ikafa, tukasema ni binadamu, amekosea. Kumbe hakukosea! Kabila lake limeandikwa kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni, mstari wa kwanza kabisa, dunia nzima inasoma. Kawabeba wenzake.”

“Wenzake!” Dobi alicheka, cheko kavu kama kuni. “Mama aliyemzaa alikuwa wa kwenu. Wewe ndiye uliyemkata kitovu huyo Refa, kwenye chumba hicho hapo.”

Mama Pacha alitazama pembeni. “Mtoto ni wa baba,” akasema. Akazikamua nguo zake kwa hasira, akaondoka akidondosha maji njia nzima. Ndani ya kila kola kilibaki kifundo kidogo cha uzi wa kijani, alama ya nyumba yake. Kila nyumba ilikuwa na rangi yake. Dobi aliishona mahali ambapo hata mvaaji hakuiona, ili shati la huyu lisije likaenda kwa yule.

Hakuwa mteja wa kwanza kuondoka asubuhi ile. Kamba za kuanikia zilining'inia tupu, vibanio vimekaa juu yake kama ndege waliokosa nafaka.

Refa mwenyewe alikuwa ndani, pazia limeshushwa. Jana, picha ya ukurasa ule wa mtandaoni ilipoanza kuruka kutoka simu hadi simu, alikuwa anakimbia mazoezi na jezi yake nyeusi. Mtu akampiga kwa yai bichi kifuani. Alirudi, akaivua, akaiweka mlangoni mwa dada yake bila neno. Jumamosi alipangiwa mchezo mwingine. Sasa alitaka kupiga simu aseme anaumwa.

“Unaumwa nini?” Dobi alimuuliza kupitia pazia.

“Wewe acha tu, dada. Maneno hayavunji mfupa.”

“Na yai je, nalo ni neno?”



Dobi aliishia shule ya msingi, lakini ukurasa ule aliujua kama sala. Aliusoma mara nyingi, kidole kikifuata mistari: mwaka aliozaliwa, mashindano aliyochezesha, mechi aliyoisimamisha mvua ikinyesha mpaka mchezaji aliyezimia akazinduka. Siku zote hizo neno la kabila halikuwamo. Nani kalitia?

Jibu liliingia mchana, limebeba mkate kwapani. Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yao, alikaa kwenye kopo la rangi, akajikuna pua, akatazama kamba tupu.

“Ni mimi,” akasema. “Niliandika kabla ya mechi. Kule anaandika yeyote mwenye simu. Nilijivunia, mwanangu! Watu wetu hatuna mtu kule. Nikasema wajue huyu ni wetu.”

“Wetu nani?”

“Si sisi!”

“Na mama yangu umemweka wapi, Baba Mdogo? Mstari wa pili? Wa tatu? Miezi tisa ya mama yangu haikupata hata neno moja?”

“Usinipandishie sauti. Mbona wewe unatia alama nguo za watu kila siku?”

Dobi alisimama. Maji yalimchuruzika vidoleni.

“Mimi naitia ndani ya kola, ili nguo irudi kwao. Wewe umembandika mwanao alama kwenye paji la uso, ili wajue wa kumpiga. Futa.”

Baba Mdogo alitoa simu, akaisogeza machoni, akafuta. Wakanywa chai bila kutazamana. Kabla vikombe havijapoa aliangalia tena, akakunja uso.

“Wamelirudisha lile neno.”

“Nani?”

“Sijui. Wanasema jina la ukoo linatosha kuwa ushahidi.” Akateremsha kidole kwenye kioo. “Na sasa wameongeza dini.”

Dobi aliiokota ile jezi. Yai lilikuwa limekauka kifuani, la njano, na vipande vya ganda. Kila dobi anajua: yai hutolewa kwa maji baridi, taratibu; ukilitia maji ya moto unalipika, haling'oki tena mpaka kiama. Na nguo nyeusi hugeuzwa ndani nje, ikaanikwa kivulini.

Alichukua birika lililokuwa likichemka jikoni, akalimimina lote juu ya doa.

“Dada!” Pazia lilifunguka. “Unaiharibu!”

“Nikilitoa watasema hawakurusha.”

Aliibeba jezi ikifuka mvuke, akavuka ua, akaianika kwenye waya wa mbele, upande wa barabara, juani, kifua kikitazama wapita njia. Akaibana mabega.

“Mpaka Jumamosi itakuwa imekauka; utaivaa hivyo hivyo,” alisema bila kugeuka.

Ng'ambo ya barabara, Mama Pacha alikuwa akirudi bombani na ndoo. Alisimama. Maji yalitikisika, yakamwagikia miguu yake, naye hakuitua. Nyuma ya Dobi, mlangoni, Refa alikuwa ameshika kipenga, akiizungusha kamba yake kidoleni, akiifungua, akiizungusha tena.

Upepo ukaingia ndani ya jezi, ukaijaza kifua.