Siku Rais Alipokuja Kumpigia Debe Wifi Yangu

Watu wa mji wetu, Marlow Falls, hawakumchukia wifi yangu Doreen. Hilo lieleweke mapema. Alikuwa nesi wa shule yetu kwa miaka mingi, na nusu ya vijana wanaopiga kura leo aliwahi kuwapima homa au kuwatafuta chawa. Alipoacha kazi na kutangaza kwamba anagombea ubunge wa Washington, hata wa upande wa pili walimchekea. Shida ilikuwa chama chake, na shida ya chama ilikuwa Rais Whitcombe.

Kabla hajawa Rais, Whitcombe alikuja kusimama kwenye lango la kiwanda chetu cha karatasi, kofia ya wafanyakazi kichwani, akasema, "Nikiingia mimi, lango hili halifungwi." Kaka yangu Norbert, mumewe Doreen, alikuwa mstari wa mbele. Alianza kazi pale akiwa kijana, na baba yetu alistaafia palepale. Tukampa kura wote watatu, mimi, Norbert na Doreen. Akaingia Ikulu, na kabla theluji ya mwaka uliofuata haijayeyuka, lango likafungwa, mashine zikapakiwa kwenye malori zikaenda zake. Whitcombe hakusema neno.

Doreen aligombea kwa sababu hiyo. "Kama wao hawasemi, nitasema mimi," aliniambia. Nikawa dereva wake. Tulizunguka kaskazini ya jimbo letu hili la Wisconsin, shamba kwa shamba, na kila Ijumaa tukaenda kwenye mlo wa samaki wa kukaanga katika ukumbi ulio chini ya kanisa la Mtakatifu Kazimieri, naye akipita meza kwa meza.

"Nesi, kura yangu unayo," mzee Vern Dombrowski alimwambia siku moja, bia mkononi. "Ila yule bosi wako asikanyage hapa. Akija, ninahama."

"Si bosi wangu, mzee Vern."

"Mbona sura yake iko kwenye karatasi zenu za kampeni?"

"Ikunje hapo katikati, ubaki na ya kwangu."

Meza nzima ikacheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akishinda, na kura za maoni zilionyesha yuko mbele kidogo.

Katikati ya Oktoba akaja Trent Oakley, kijana wa chama kutoka Washington, akaketi jikoni kwa Doreen, viatu vyake vinang'aa.

"Nina habari njema, mama. Rais anakuja Jumamosi kukupigia debe."

"Aende kwingine," Doreen akasema.

"Kwingine hawamtaki." Ilimponyoka. Akajikohoza. "Yaani, wagombea wetu wengi wamepata udhuru. Huyu ana harusi, yule mgongo unamuuma. Rais amekasirika. Anataka mkutano kabla ya uchaguzi, na umebaki wewe."

"Na mimi nikiumwa mgongo?"

"Matangazo yako ya televisheni yanakatwa Jumatatu. Na Rais atakusema hadharani, kwa jina. Wapo wanaompenda bado, mama. Wakikaa nyumbani hao, umekwisha."

Norbert alikuwa ameegemea sinki muda wote. "Kijana," akasema, "kahawa imeisha."

Oakley alipoondoka, nilitaka na mimi kuondoka, lakini hawakunipa nafasi.

"Dori, ukipanda jukwaani na mtu yule, usinitafute kwenye wapiga makofi," Norbert akasema.

"Bila matangazo nitashindwa, Norb."

"Si ushindwe basi."

"Rahisi kwako kusema!"

"Ndiyo. Mimi nina uzoefu."

Doreen akakusanya vikombe mezani. "Nikiingia bungeni ninaweza kufanya kitu kuhusu kiwanda."

"Kiwanda gani, mama? Pale limebaki bomba la moshi."

Norbert akachukua koti lake akatoka.

Doreen alikubali. Jumamosi ilipofika, ukumbi wa michezo wa sekondari haukujaa. Watu wetu walikuwa nje, ng'ambo ya barabara, na mabango yao ya kumpinga Rais. Oakley alileta mabasi ya watu kutoka wilaya za mbali, nao pia hawakutosha, akaamuru nusu ya ukumbi ifunikwe pazia jeusi ili kamera zisione viti vitupu. Doreen alivaa suti ya bluu aliyovaa kwenye mahafali ya binti yao.

Rais alichelewa. Alipoingia nilishangaa jinsi alivyokuwa mfupi, poda ya usoni imeichafua kola ya shati. Akaanza kwa kujisifu, akajisifu weee, halafu akakumbuka aliyekuja kumpigia debe.

"Na huyu hapa, Darlene! Mwanamke chuma. Mpeni Darlene kura!"

Doreen akatabasamu kwa jina lisilo lake. Ungefanyaje?

"Na kile kiwanda chenu cha karatasi," akaendelea, "niliwaambia nini? Kinanguruma, au siyo? Nimekiokoa!"

Wale wa mabasi wakashangilia. Hawakujua. Wachache wetu tuliokuwa ndani tukaangalia chini.

Ndipo nikasikia sauti ya kaka yangu karibu na pazia. "Kimefungwa! Kimefungwa, bwana! Umekifunga wewe!"

Nikageuka. Norbert alikuwa amevaa koti lake la kazi, lenye jina la kiwanda mgongoni. Sikujua kwamba angekuja. Baadaye aliniambia kwamba alifika hadi ziwani siku ile ili awe mbali, akashindwa kukaa. Hakutaka mkewe asimame pale peke yake.

Umati ukamzomea. "Toa! Toa huyo!"

"Mtoeni," Rais akasema akicheka. "Mrudisheni kwa mama yake."

Walinzi wawili wakamshika mikono. Hakupigana nao. Alikuwa anamtazama Doreen tu. Na hapo hapo Rais akaushika mkono wa Doreen akauinua juu, kama mabondia wafanyavyo, kamera zikawaka. Nilikuwa chini ya ngazi za jukwaa, karibu kabisa. Mdomo wa wifi yangu ulifunguka, nikadhani atasema kitu. Hakusema. Kaka yangu akaburutwa kupita mlangoni, mkono wa Doreen ukiwa bado juu.

Nyuma ya jukwaa Rais alikuwa akijifuta jasho. "Mlevi gani yule?"

"Ni mume wangu," Doreen akasema.

Rais alimkodolea macho, kisha akaangua kicheko, akampiga bega. "Safi sana, Darlene! Hiyo nitaitumia!"

Tulimkuta Norbert kwenye maegesho, wamemwachia, ameketi kwenye gari langu, mshono wa koti umefumuka begani. Nikawasha gari, tukavuka daraja.

"Ningefanya nini, Norb?" Doreen akauliza.

"Ungeushusha mkono."

Ile picha mpinzani wa Doreen aliitumia kila saa kwenye televisheni: mkono wa Doreen juu ndani ya mkono wa Whitcombe, na pembeni kaka yangu akitolewa. Ijumaa iliyofuata tulienda kanisani kwenye samaki. Mzee Vern hakusimama kumsalimu.

"Nilikwambia, Nesi," akasema, akaendelea kula.

Siku ya uchaguzi Doreen alishindwa. Alishindwa hata Marlow Falls, hata kwenye mtaa wake mwenyewe. Asubuhi yake waandishi walimuuliza Rais kuhusu wagombea wake walioanguka, naye akasema, "Yule mama wa Wisconsin? Simjui vizuri. Nilijitahidi kumsaidia, lakini mtu ambaye mumewe mwenyewe hamtaki, mimi nitamfanyia nini?" Watu wakacheka. Oakley hakupokea simu tena.

Shuleni walikuwa wameshaajiri nesi mwingine. Sasa Doreen anawahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za asubuhi, anawavisha soksi. Norbert alipata kazi kwenye ghala la bidhaa kule Appleton. Amepanga chumba huko, hurudi mwisho wa wiki. Hawajaachana. Wanaulizana kama chumvi imetosha, kama gari limebadilishwa matairi.

Juzi nilimpitia Doreen, nikamkuta amekaa jikoni na sare yake ya kazi.

"Wifi," akaniambia, "unadhani Norb alinipigia kura?"

"Si umuulize?"

"Naogopa."

Nikamwambia bila shaka alimpigia, yule ni mumewe. Lakini nilimwona Norbert siku ile ya uchaguzi. Alikuwa ndani ya pikapu yake nje ya ukumbi wa mji, tulikopigia kura, injini inawaka, mikono kwenye usukani. Nilipiga kura yangu nikatoka, bado yupo. Nikampungia mkono ashuke. Akanitazama, akarudisha gari nyuma taratibu, akaondoka.