Wageni Waliokuja na Nyumba Yao

Mwangangi alikuwa fundi wa magari, na fundi haliulizi gari linajisikiaje, hulipima. Ndivyo alivyotaka kuipima Pwani.

"Tutawazungukia marafiki wa zamani mpaka Msambweni," alimwambia mkewe, Dianah, kabla hawajaondoka Kibwezi. "Akitokea hata mmoja wa kutuambia tulale ndani kwake, tunarudi shambani kwetu. Asipotokea, tunauza."

Shamba lilikuwa Msambweni, ekari chache za mikorosho walizozikimbia Agosti ya 1997, watu wa bara walipokuwa wakifukuzwa na nyumba zao kuchomwa. Sasa ilikuwa Januari 1999, na Idi ilikuwa imepita karibuni.

Gari walilosafiria lilikuwa nyumba. Mtalii mmoja alilitelekeza Mtito Andei, injini ikiwa imekufa, na Mwangangi akalifufua. Lilikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko la gesi, kabati, na mapazia ya maua aliyoyashona Dianah.

"Gari hili litawapa udhuru," Dianah alimwonya.

"Rafiki wa kweli hatafuti udhuru."

Wa kwanza alikuwa Mwinga, pale Waa, ambaye zamani aliuza madafu kwenye lango la hoteli aliyofanyia kazi Mwangangi. Aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa wali wa nazi na samaki wa kupaka, akacheka mpaka machozi. Jua lilipoanza kushuka, alilizunguka gari na kuligonga ubavuni.

"Lo! Nyumba ina mpaka jiko! Shemeji, kwangu paa linavuja na kunguni wamejaa. Nikulazeni humo nipate dhambi?"

"Mvua hakuna," alisema Dianah.

"Kunguni wapo, shemeji. Wallahi wapo."

Walilala garini, nje ya uzio. Asubuhi Dianah alikunja shuka na kusema, "Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumpa jembe. Wewe hata ya kwanza hujapewa."

Ukunda walimkuta Shem, mpishi wa hotelini, mtu wa bara kama wao, aliyesimamia arusi yao. Alimkumbatia Mwangangi, kisha akatazama barabarani.

"Aisee, buda, hii ni keja kamili, nyumba nzima! Mimi niko na chumba kimoja tu." Akashusha sauti. "Lakini usiliache hapa mlangoni. Lipeleke kule kituo cha petroli, kuna mlinzi. Watu wakiliona wataanza kusema wabara wanarudi, na mimi ndiye ninayebaki hapa. Si unaelewa?"

Mwangangi alielewa. Alilipeleka gari kituoni.

Alibaki Dzombo peke yake. Kule Msambweni shamba la Dzombo lilipakana na lao, na wakati ule wa vurugu yeye ndiye aliyewaficha. Walilala chini ya kitanda chake, juu ya saruji, huku wanaume wenye mapanga wakiwa mlangoni. Dzombo alisimama mbele yao, akaapa kwa jina la Mungu kwamba ndani hamna mtu ila mkewe, Mwanakombo. Alikuwa mtu wa kuswali. Kiapo kile hakikuwa kitu kidogo kwake.

Walipofika, Dzombo hakulitazama gari.

"Shikamoo, kaka," alisema Mwangangi.

"Marahaba. Zima huo mngurumo wako, mteremke. Nilisikia mko Ukunda; kitanda kimetandikwa tangu asubuhi. Mimi na Mwanakombo tutalala ukumbini, kwenye mkeka."

Kipimo kilikuwa kimejibu. Mwangangi alimtazama mkewe kama fundi anayesikia injini ikishika. Dianah alichukua begi lake, akaingia ndani, akafika mlango wa chumba, akasimama.

Kitanda kilikuwa kile kile. Mwanakombo alikuwa ametandika shuka mpya na kuinyunyizia asumini. Dianah hakuitazama shuka. Alitazama chini, kwenye saruji, mahali alipouma leso ili asikohoe.

"Siwezi," alisema.

"Dianah, huyu ndiye tuliyekuwa tukimtafuta."

"Najua. Ingia wewe."

Mwangangi akashika mwimo wa mlango. Alikusudia kuingia, na miguu haikwenda. Akarudi uani alikokuwa Dzombo.

"Kaka, msijisumbue," alisema. "Sisi tuna nyumba yetu. Ina kitanda. Ina mpaka jiko."

Alijisikia akisema maneno ya Mwinga, kwa uchangamfu ule ule.

Dzombo alilitazama gari kwa mara ya kwanza.

"Niliapa uongo kwa ajili yenu," alisema. "Baada ya hapo watu walijua, wakanitenga; nikienda kunywa kahawa, wanainuka. Nikajiambia, siku mtakaporudi mtalala juu ya kitanda kile, si chini yake, na kila mtu ajue. Mtaa mzima umewaona mkifika. Kesho wataniuliza mlilala wapi."

Mwangangi alikuwa amekuja kuwapima wengine.

Asubuhi Mwanakombo aliitoa ile shuka ambayo haikulaliwa, akaikung'uta uani. Asumini zilizonyauka zikaanguka mchangani, na kuku wakazidonoa, wakaziacha. Dzombo alikuja hadi dirisha la gari.

"Mikorosho nimeipalilia," alisema. "Mnauza?"

"Tunauza. Ningependa uchukue wewe, kaka. Kwa bei yoyote."

"Usiniuzie mimi." Dzombo aliondoa mkono wake dirishani. "Watasema shamba ndilo nililoliapia uongo."

Mwangangi aligeuza ufunguo. Injini iliwaka mara moja, bila kusita, kama alivyoitengeneza.