Fundi Sauti na Waimbaji wa Getini

Mimi ni fundi sauti, na katika kazi yetu hakuna kipande cha tamthilia kinachopita mpaka fundi sauti aseme neno moja: safi. Mwigizaji alie machozi ya kweli, kamera ipendeze, lakini nikisikia hata mlango unalia huko nyuma, mnarudia mwanzo. Wananinunia kwa hilo, na mimi wala sijali.

Basi waandishi wetu wakagoma. Walitaka walipwe kila tamthilia zao zinaporudiwa hewani, bosi akasema wamerukwa na akili. Wakatoka, na sisi mafundi tukabaki nyumbani tukipiga miayo, maana bila maneno hao waigizaji watasema nini? Mdogo wangu, kitinda mimba wetu ninayekaa naye, ni mmoja wa wagomaji. Siku za mwanzo hakunywa chai yangu bila mimi kumsimanga.

Alinifunga mdomo yeye na wenzake. Walichangishana, wakabandika sufuria kubwa getini, na kila mchana waliwapakulia kwanza wapambaji, wavuta nyaya, madereva na wote tuliokosa kazi kwa sababu ya mgomo. Wao wakamalizia ukoko. Sasa mtu anakula ukoko ili wewe ule wali, utamsema kwa mdomo upi?

Halafu bosi akatupigia simu. Ameandika tamthilia mwenyewe, tuje Jumatatu, na asiyekuja asahau kazi. Nina watoto wawili na mwenye nyumba asiyejua utani. Mdogo wangu naye alijua vizuri: tamthilia ya bosi ikirekodiwa, mgomo umekwisha, waandishi watarudi wakiinamisha vichwa au wasirudi kabisa. Nilijiandaa kugombana naye. Hakugombana.

"Nenda, dada, watoto wale," aliniambia. "Ila sisi tutaimba."

Wakaimba kweli. Studio yetu ilikuwa ghala zamani, paa la bati, na mdogo wangu hana sauti, ana kelele. Kila mwongozaji aliposema tuanze, ngoma ya ndoo ilinijaa masikioni. Vipi, fundi? Si safi. Tena? Si safi. Nami nilisema kweli tupu, huku moyoni nikishangilia.

Na hayo maneno ya bosi, jamani, jamani. Mume amekaa kitandani na mkewe, anamwambia kwamba kufuatia mazungumzo yao ya jana, anapenda kumjulisha kuwa anampenda. Fundi taa alicheka mpaka ngazi yake ikayumba. Yule mama anayeigiza mama mkwe katili, tunayemwita Bibi Shari, aliandikiwa apige magoti amwombe msamaha mkamwana. Akamuuliza bosi kwa upole tangu lini.

Lakini bosi si mjinga. Ilipofika saa ya kula aliagiza kuku na soda, akavipeleka getini kwa mkono wake, akitabasamu. Watu wana njaa, na nani ataimba huku anatafuna paja la kuku? Kukawa kimya. Tukarekodi kipande kile cha msamaha kuanzia mwanzo hadi mwisho. Masikioni mwangu sikusikia kitu ila maneno ya bosi na pumzi ya Bibi Shari akiwa magotini.

Mwongozaji akanitazama. Bosi akanitazama. Ningeweza kusema nimesikia pikipiki, na hakuna ambaye angenibishia. Ila tangu nianze kazi hii sijawahi kukiita safi kichafu, wala kichafu safi, na sikuwa tayari kuanza uongo kwa ajili ya mtu huyu. Nikisema safi, nimewazika wenzangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Niliwafikiria wanangu. Niliogopa, sifichi. Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani taratibu.

"Sauti ni safi, bosi," nikasema. "Mimi ndiye niliyegoma."

Kule juu ya ngazi fundi taa akaanza kuzima taa zake, moja baada ya nyingine. Mpiga kamera akafunika kamera. Gizani nikamsikia Bibi Shari akinyanyuka, magoti yakimlalamikia, anauliza mlango uko wapi. Tulitoka tumeshikana mashati kwa nyuma kama watoto wa chekechea, tukigongana na kucheka, bosi nyuma yetu akipiga kelele kwamba sote hatuna kazi.

Mdogo wangu alipotuona tunakuja kundi zima, alisimama asijue acheke au alie. Akalia, mtu mzima yule, mbele za watu. Nilimwambia asogee, nami nikae hapo getini na wagomaji.