Nafasi ya Njiwa Kutua

Usiku wa kuamkia leo niliota nimejificha kwenye kibanda cha mabua, katika shamba la alizeti la kaka yangu Mkumbo, ambaye tulimzika mwaka jana. Uso nimeupaka masizi ya sufuria, gobore liko magotini. Mbele yangu njiwa wa mti, aliowachonga mwenyewe, wamepangwa kama alivyonifundisha: wote wanautazama upepo, na katikati imeachwa nafasi ya njiwa wa kweli kutua.

Njiwa wa mti aliye karibu anageuza shingo. Ananiambia nimejificha vizuri mno, hata yeye ananisikia tu. Namshukuru.

Mara shamba limekuwa wodi ya hospitali, wala sishangai. Vitanda vyote vinautazama upepo, wagonjwa hawapepesi macho, na kitanda cha katikati kiko wazi. Muuguzi anapita akikagua kama wageni tumejificha sawasawa. Mimi ananisifu.

Kaka Mkumbo anashuka kutoka darini kwa mabawa ya kijivu, anatua kwenye kile kitanda kilicho wazi. Amekonda sana. Roho inaniuma, maana alipokuwa mgonjwa aliniita mara tatu, nami nikatuma salamu kwamba bado navuna. Nilikuwa nimeshamaliza kuvuna. Niliogopa kumwona.

"Mdogo wangu hajafika?" anamuuliza njiwa wa mti.

"Hajaonekana," anajibu yule, na hasemi uongo.

"Basi nitamngoja."

Nataka kuinuka. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenikanya nisiinue uso kibandani, kwamba uso hung'aa na ndege wakiuona huruka wote. Nikionekana, ataondoka. Nisipoonekana, atakaa pale ananingoja, na mimi nitakaa hapa namtazama, sijui mpaka lini. Nikauinua uso.

Vitanda vyote viliruka kwa kishindo, pamoja na wagonjwa wake. Kaka alibaki wa mwisho. Alisogea hadi kibandani, akanifuta shavu kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyonifuta tulipokuwa wadogo.

"Kumbe ulikuwepo," akasema. Kisha naye akaruka.

Nimeamka asubuhi nalia. Gobore sijaligusa tangu msiba, na jana nililala nimeoga. Mke wangu ameniuliza nimeshika sufuria gani. Nikajitazama kwenye kioo: uso wote masizi, isipokuwa mstari mmoja shavuni, safi, upana wa kidole gumba.