Mama Mkwe Kwenye Keria

"Matanga ya nani?" Getrude alikuwa ameshika kiuno kwenye mpaka wa viwanja, na sauti yake ilifika ziwani. "Maiti iko wapi, Zita? Nionyeshe maiti, nije na mkeka wangu nilale kwako mpaka unichoke."

"Mama aliungua ndani ya nyumba yake. Wewe unajua."

"Mimi najua alichosema Mwenyekiti. Kasema mama yako kavuka kwenda Malawi kwa ndugu zake."

"Kwa mguu ule?"

"Wapo waliovuka na miguu mibaya zaidi. Mwenzangu, nina watoto. Usinitie kwenye maneno."

Ujirani wao ulikuwa mpya, wa mwaka ule ule wa sabini na nne, tangu lori lilipowatoa milimani upande wa Tingi na kuwashusha ufukweni, kila mtu na kuku wake. Nyumba zilizobaki kule zilichomwa, mtu asije akatamani kurudi. Amri ya kuchoma aliitoa Mansuetus, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wa kijiji kipya, mtu mcheshi, anayejua watoto wote kwa majina. Alikwishatangaza mkutanoni kwamba katika kuhama hakufa mtu. Kwa hiyo Zita alikuwa hajamlilia mama yake, Kunigunda, na watu walipita mbali na mlango wake.

Pankras, mumewe, hakuuingilia ugomvi. Alikuwa ameinamia baiskeli. Tangu wahamie ilikuwa nzito nyuma. Alipopeleka usipa wakavu, dagaa wa ziwani, kuuza Mbinga hakushangaa kutoka jasho, lakini hata keria ikiwa tupu, kwenye mlima ilimvuta kama amepakia gunia la mahindi. Kesho yake akaipeleka Mbinga sokoni, kwa fundi Nazari.

Nazari alizungusha gurudumu, akasikiliza gololi, akaminya tairi.

"Gurudumu zima," alisema. "Ila umepakia mtu. Hawa wa kuhamishwa nawapata sana siku hizi. Nunua kioo cha kuangalia nyuma."

Akatoa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mviringo, kidogo kama mfuniko wa kopo. Alipokifunga kwenye usukani, Pankras akaona ndani yake mikono ya mama mkwe imeshikilia keria, na ule mguu mbovu ukining'inia. Kichwa hakikuingia. Pankras alikipenda. Tangu aoe hakuwahi kumtazama mama mkwe usoni wala kukanyaga chumbani kwake, na kwao hiyo ndiyo heshima. Hata siku ya lori alisimama uani akamwita, akageukia pembeni akisubiri atoke. Mgambo wakamwambia wametazama, ndani hamna mtu. Naye hakuingia.

Cha pili kilikuwa na wimbi kwenye kioo chake. Kilimnenepesha Kunigunda, akaonekana kama ametoka kula Krismasi.

"Hiki ndicho wanachokipenda wengi," Nazari alisema. "Wanasema usiku wanalala."

Cha tatu kilitoka kwenye lori bovu, kirefu, kizito, kikauinamisha usukani upande mmoja. Humo Kunigunda alionekana wote, tangu kilemba hadi kisigino. Upande mmoja kilemba kilikuwa kimeshikana na ngozi. Moshi mwembamba ulimtoka mabegani ukaondoka na upepo.

Pankras akainamisha uso. "Shikamoo, mama," aliiambia ardhi.

"Sasa kipi? Wenzako wanasubiri."

"Mwenyekiti inabidi auone uso," Pankras alisema. "Kaza hicho."

Akakifunika kwa leso, akateremka milima yote mpaka ziwani bila kukitazama.

Yeye na Zita walimkuta Mansuetus barazani kwake akimenya muhogo. Zita ndiye aliyeifunua leso. Mwenyekiti alisogea, akatazama kwa muda, akavua kofia.

"Shikamoo, mama Kunigunda."

Ndani ya kioo midomo ilicheza. Sauti haikuja.

"Kaitikia," Mansuetus alisema. "Sasa, wanangu, huyu si yuko hapa? Mnataka kumfanyia matanga mtu aliyekaa kwenye keria?"

"Anafuka moshi, Ndugu Mwenyekiti," Zita alisema.

"Nauona. Lakini nilisema hakufa mtu, na hakufa. Tena maadamu yupo kijijini, Jumatatu afike shamba la ujamaa. Mguu tutaufikiria, atapewa kazi ya kukaa."

Jumatatu Pankras akaisukuma baiskeli hadi shambani, akaiegemeza karibu na wanawake waliokuwa wakipura maharage. Watu walikiinamia kioo mmoja mmoja wakamwamkia bibi. Getrude alimuuliza habari za safari.

Jioni ile waliokuwa wakiukwepa mlango wa Zita wakaja wote. Kumpokea mgeni hakukukatazwa. Walileta unga, usipa, chumvi, kuni. Zita aliiingiza baiskeli ndani, akakigeuza kioo wote waweze kumwona mama. Wanawake walijaa mikekani, wanaume wakazunguka moto nje, na Pankras pamoja nao, maana mkwe hali mbele ya mama mkwe. Ilikuwa kama matanga hasa, isipokuwa hakuna aliyelia. Mara moja kilio kilianza kumtoka Zita, na Getrude akamshika mkono.

"Kimeze, mwenzangu. Utatuponza."

Zita akakimeza.

Ugali ulipoepuliwa, Mansuetus akatokea njiani na jogoo kwapani. Alipiga hodi, akasimama kizingitini kama mtu mwenye adabu zake. Moshi ulikuwa umetanda chumbani hadi kwenye nyasi za paa, na haukutoka jikoni, ulitoka kwenye kioo. Watu waliinamisha vichwa wapate kuvuta pumzi. Zita akainuka, akafuta viganja kwenye khanga, akachukua maji ya kunawa.

"Karibu ndani, Mwenyekiti," alisema. "Karibu ule na mama."